Mwongozo kamili: kulinganisha umbile la ubongo wa wenye skizofrenia na wasio nayo kwa MRI, kuanzia kliniki hadi kwenye jedwali

Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu unapokaribia, wanafunzi wa uzamili wa magonjwa ya akili na wa rediolojia hapa Dar es Salaam huanza kunitafuta na shida ile ile. Picha za MRI (za mashine ya sumaku) zipo, programu imemaliza kazi, lakini tofauti haionekani. Au inaonekana kila kona ya ubongo, hata pale ambapo tafiti kubwa hazikuona kitu.

Karibu kila mara kosa halimo kwenye programu. Limo kwenye yaliyofanyika kabla mshiriki hajalala kwenye mashine: nani alichaguliwa, alilinganishwa na nani, anatumia dawa gani, na ni picha ya aina gani iliyopigwa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye hatua za mwanzo na kupita haraka kwenye zile ambazo kompyuta inazifanya yenyewe.

Hapa tunazungumzia umbile tu, yaani ujazo wa sehemu za ubongo na unene wa gamba lake. Picha za utendaji wa ubongo zina mambo yake.

## Kabla ya yote: unatafuta tofauti ya ukubwa gani?

Swali hili huamua kama utafiti wako una maana au hauna.

Mwaka 2016 muungano wa watafiti wa ENIGMA ulichapisha ulinganisho wa watu 2,028 wenye skizofrenia na 2,540 wasio nayo. Kwa kipimo cha d ya Cohen (tofauti ya wastani wa makundi mawili ikigawanywa kwa mchepuko sanifu; alama ya kutoa maana yake wagonjwa wana kipimo kidogo zaidi), hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa ndogo kwa wagonjwa (-0.46), na sehemu nyingine za ndani vilevile: amigdala na thalamasi (-0.31 kila moja), na akumbensi (-0.25). Ventrikali za pembeni, yaani vyumba vya maji ndani ya ubongo, zilikuwa kubwa zaidi (0.37), na palidamu, sehemu nyingine ya ndani, pia (0.21). Mwaka 2018 muungano huo ulilinganisha watu 4,474 na 5,098, ukakuta gamba la ubongo ni jembamba kwa wagonjwa, kwa d ya karibu -0.5, hasa sehemu za mbele na za pembeni.

Sasa tuzitafsiri. Hata kwenye hipokampasi, iliyoongoza orodha ile, d ya 0.46 maana yake makundi mawili yanaingiliana kwa takriban asilimia 82. Wapo wagonjwa wengi wenye hipokampasi kubwa kuliko ya jirani yao mzima. Hakuna anayeweza kushika picha moja akasema huyu anao ugonjwa, yule hana.

Tafsiri ya pili ni ya idadi. Ili uione tofauti ya 0.46 kwa nguvu ya takwimu (uwezekano wa kuigundua tofauti iliyopo kweli) ya asilimia 80, unahitaji kama watu 75 kila kundi. Kwa tofauti ya 0.3, unahitaji kama 175 kila kundi. Tasnifu yenye watu 20 kwa 20 inaweza kuona tofauti ya karibu 0.9 tu, na tofauti ya namna hiyo haipo kwenye orodha hapo juu.

Kama uwezo wako ni watu wachache, ushauri wangu ni huu: chagua sehemu moja au mbili tu kabla ya kuanza, uziandike kwenye andiko la utafiti, kisha upige picha kwa utaratibu ambao mwenzako wa mwaka ujao anaweza kuuendeleza. Data za miaka mitatu zikiunganishwa kwa nidhamu zina thamani kuliko tasnifu tatu zisizooana.

## Vitu vya kuandaa

- Kibali cha maadili cha chuo chako, na cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pale kinapohitajika, pamoja na barua ya ruhusa ya hospitali. Mtafiti mwenza anayetoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia).
- Mashine moja ya MRI, ya Tesla 1.5 au 3, utakayoitumia kwa washiriki wote. Iwe ya Muhimbili, ya MOI au ya hospitali binafsi, cha msingi ni usiibadilishe katikati ya safari.
- Fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, dodoso la usalama wa MRI, mahojiano ya utambuzi (MINI au SCID), kipimo cha dalili cha PANSS, na AUDIT kwa pombe.
- Kompyuta yenye Linux, RAM ya GB 16 au zaidi, diski mbili za nje, na UPS.
- Programu za bure: dcm2niix (kubadilisha faili), MRIQC (kupima ubora wa picha), FreeSurfer (kupima ujazo na unene; leseni yake ni ya bure, unajaza fomu tu) na R (takwimu).
- Vidonge laini vya vitamini E. Kazi yake utaiona hatua ya 4.
- Daftari la karatasi la siku ya picha.

## Hatua ya 1: Chagua wagonjwa, ukijua nini kingine hupunguza ubongo

Utambuzi ufanywe upya kwa mahojiano rasmi. Usitegemee neno lililoandikwa kwenye faili miaka minne iliyopita. Kwa DSM-5 (mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili) dalili lazima ziwe zimedumu angalau miezi 6, na faili nyingi zinasema "saikosisi" tu bila kufafanua.

Halafu ondoa magonjwa yanayobadilisha umbile la ubongo yenyewe. Kwa mazingira yetu angalia haya kwanza:

Kuumia kichwa. Uliza kwa majina yake: ajali ya bodaboda, kupigwa, kuanguka. Ukiuliza "umewahi kupata jeraha la kichwa?" utajibiwa hapana. Ukiuliza "umewahi kuanguka na pikipiki ukazimia?" utajibiwa ndiyo.

Kifafa na minyoo ya tegu kwenye ubongo. Mtu aliyekulia kwenye maeneo ya ufugaji wa nguruwe anaweza kuwa na vifuko vya tegu, na vifuko hivyo huonekana kwenye MRI.

VVU. Virusi vyenyewe vinaweza kupunguza ujazo wa ubongo. Weka kipimo kwenye itifaki, pamoja na ushauri nasaha, na uamue mapema kama ni kigezo cha kuondolewa.

Pombe na bangi. Hapa usiwe mkali kupita kiasi. Ukimwondoa kila aliyewahi kuvuta bangi, utabaki na kundi lisilofanana na wagonjwa wanaokaa kwenye benchi la kliniki. Ondoa utegemezi mkali, na kwa wengine andika kiasi na muda.

Andika pia umri dalili zilipoanza na tarehe ya matibabu ya kwanza ya hospitali. Familia nyingi huanzia kwa mganga au kwenye maombi, na miezi hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa. Uliza bila kulaumu, utaambiwa ukweli.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine anaweza kusoma vigezo vyako na kumchagua au kumwacha mgonjwa yule yule bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Tafuta watu wa kulinganisha nao. Hapa ndipo wengi huanguka

Njia rahisi ni kuwapiga picha wanafunzi wenzako na wauguzi wa zamu. Matokeo yake unalinganisha kijana wa Mbagala aliyeacha shule kidato cha pili na daktari wa uzamili. Utapata tofauti, na hutajua ni ya skizofrenia, ya lishe ya utotoni, ya elimu au ya maisha.

Watafute kwenye mitaa ile ile wanakotoka wagonjwa. Pitia ofisi ya serikali ya mtaa, jieleze, acha barua yako ya kibali ionekane. Mwenyekiti wa mtaa wa Tandale au Temeke akikuelewa, kazi ya miezi inakuwa ya wiki chache.

Linganisha umri na jinsia. Kwenye elimu, tumia elimu ya wazazi badala ya ya mshiriki mwenyewe. Sababu ni kwamba skizofrenia mara nyingi huanza mtu akiwa bado anasoma na kumkatisha masomo. Ukilazimisha elimu ya mshiriki ifanane, unachagua ama wagonjwa wasio wa kawaida, ama wazima wasio wa kawaida.

Usichukue ndugu wa damu wa mgonjwa. Wanashirikiana vinasaba, na baadhi ya tofauti unazozitafuta huonekana kwao pia kwa kiwango kidogo.

Onyo kubwa: changanya ratiba. Ukiwapiga picha wagonjwa wote Januari hadi Machi na wazima wote Aprili hadi Juni, kisha mafundi wakaihudumia mashine mwezi Aprili, huna tena njia ya kutenganisha ugonjwa na mashine. Kila wiki iwe na watu wa makundi yote mawili.

## Hatua ya 3: Ridhaa na dawa

Kuwa na skizofrenia hakumwondolei mtu uwezo wa kukubali au kukataa. Msomee fomu, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake: atafanyiwa nini, kitachukua muda gani, anaweza kuacha wakati gani. Akishindwa leo, mwache apate nafuu, rudi baadaye. Mama au kaka aliyemleta anaweza kusema ndiyo kwa moyo mweupe kabisa, lakini ndiyo yake haichukui nafasi ya ile ya mshiriki.

Mweleze pia bila kuzungusha kwamba picha haitamponya wala haitabadilisha matibabu yake. Wengi wanakuja wakiamini mashine itaona kilichoingia kichwani.

Sasa dawa. Andika jina, dozi, vidonge au sindano, tarehe ya sindano ya mwisho, na tangu lini. "Anatumia dawa" si taarifa. Mwaka 2011 Ho na wenzake walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 211 wa Marekani, wakaona kwamba waliotumia dawa za saikosisi kwa wingi zaidi walikuwa na ujazo mdogo wa tishu za ubongo. Wagonjwa wa namna hii huenda ndio waliokuwa wakiumwa zaidi, kwa hiyo mjadala haujafungwa, lakini mtahini atakuuliza.

Badilisha dozi zote ziwe sawa na klopromazini, dawa ya saikosisi inayotumiwa kama kipimo cha pamoja. Chagua jedwali moja na ulitaje. Kwa jedwali la Woods la 2003, miligramu 10 za haloperidoli ni sawa na 500 za klopromazini. Kwa makubaliano ya Gardner na wenzake ya 2010, ni sawa na 600. Ukichanganya majedwali, dozi zako hazina maana.

Usiiweke dozi kwenye modeli inayolinganisha wagonjwa na wazima. Wazima wote wana sifuri, kwa hiyo dozi na ugonjwa vinakuwa kitu kimoja. Ichunguze ndani ya kundi la wagonjwa peke yao.

Na kamwe, kwa sababu yoyote ile, usimsimamishie mgonjwa dawa ili upate picha "safi". Atakayelipa ni yeye na familia yake.

## Hatua ya 4: Siku ya picha

Piga simu siku moja kabla. Mweleze mshiriki asije na wigi, pini, kipini wala mkufu. Rasta nene na misuko mikubwa ya juu huzuia kichwa kuingia vizuri kwenye koili (kifaa kinachozunguka kichwa ndani ya mashine), na baadhi ya nywele za bandia zina nyuzi za chuma. Dada aliyesuka jana kwa saa tano hatafumua mlangoni, na hana sababu ya kufumua. Uliza pia, kwa heshima, kuhusu hirizi. Nyingine zimefungwa na chuma, na mtu hataitaja mbele za watu. Mpe mahali pa faragha pa kuivua na umhakikishie kwamba mwenyewe au ndugu yake ataishika.

Mgonjwa anayesikia sauti anaingizwa kwenye bomba linalogonga kwa kelele. Mwoneshe mashine kabla, msikilizishe sauti yake kwenye simu, mpe kengele ya kubonyeza. Anayeogopa hutikisika, na anayetikisika huharibu picha.

Sasa jambo linaloua tasnifu nyingi kuliko lolote: usitumie picha za kawaida za kliniki zenye vipande vya milimita 5 na nafasi katikati. Zinamfaa daktari anayetafuta uvimbe. Hazifai kupima ujazo wala unene. Gamba la ubongo lina wastani wa milimita 2.5 hivi. Kipande cha milimita 5 kinalimeza lote.

Mwombe mteknolojia wa mionzi picha ya T1 (aina ya picha ya MRI inayoonyesha umbile vizuri) ya pande tatu, vokseli (vipande vidogo vya mchemraba vinavyounda picha) za milimita 1 kila upande, inayofunika kichwa chote. Kwenye mashine nyingi huchukua kama dakika 5 hadi 6. Iwe ya kwanza baada ya picha za kulenga, kabla mshiriki hajachoka. Vipimo vyote vya mashine vihifadhiwe kama itifaki yenye jina lako, ili zamu ya kesho isipige tofauti.

Bandika kidonge cha vitamini E kwenye kipaji cha uso, upande wa kulia. Kitaonekana kama nukta nyeupe kwenye picha, na hutawahi kubishana tena kuhusu kulia na kushoto baada ya faili kubadilishwa.

Umefaulu ikiwa umeifungua picha mshiriki akiwa bado amelala, hakuna mawimbi wala pete kuzunguka ubongo, na kidevu hakijakunjwa juu ya uso. Kukiwa na mawimbi, rudia papo hapo. Kumrudisha mtu kutoka Chanika wiki ijayo ni nauli na siku ya kazi iliyopotea.

## Hatua ya 5: Hamisha faili na ufiche majina

Chukua DICOM zote (faili zinazotoka kwenye mashine), zibadilishe kuwa NIfTI (aina ya faili inayosomwa na programu za utafiti) kwa dcm2niix, zipange kwa mfumo wa BIDS (utaratibu wa kupanga folda na majina ya faili). Namba ya mshiriki isiwe na herufi inayoonyesha kundi: P01 na K01 zitamwambia kila anayeangalia picha nani ni nani.

DICOM hubeba jina na tarehe ya kuzaliwa ndani yake, na picha ya T1 inaweza kujengwa upya ikaonyesha sura ya mtu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti. Nakala ya kumpa mtafiti mwingine iondolewe uso. Yako ya kuchakata iache kama ilivyo, kwa sababu kuondoa uso kunaweza kuivuruga hatua ya kuondoa fuvu.

## Hatua ya 6: Angalia kila picha kwa macho, bila kujua kundi

Kutikisika kidogo wakati wa picha hulifanya gamba lionekane jembamba kuliko lilivyo. Wagonjwa hutikisika zaidi kuliko wazima. Ukiunganisha mambo hayo mawili utaona hatari: unaweza kupata "matokeo" yanayofanana kabisa na skizofrenia ambayo kumbe ni mtikisiko mtupu.

Wawili waangalie kila picha, kila mmoja peke yake, wakitoa alama: 1 nzuri, 2 inavumilika, 3 itupwe. Tumia MRIQC kuongeza namba, lakini macho yasiache kufanya kazi. Kiwango cha kutupa picha kiandikwe kabla hamjajua makundi. Baadaye ripoti ni ngapi zilitupwa kwa kila kundi.

## Hatua ya 7: Endesha FreeSurfer

Amri ni moja kwa kila mshiriki:

`recon-all -i sub-014_T1w.nii.gz -s sub-014 -all`

Itachukua saa nyingi, mara nyingi usiku mzima kwa kila kichwa, kutegemea kompyuta. Umeme ukikatika katikati, futa folda ya mshiriki huyo na uanze upya kuliko kubaki na matokeo nusu nusu yasiyojulikana yalikatikia wapi. UPS inalipa gharama yake hapa.

Toleo la programu na mfumo wa kompyuta viwe vile vile kwa watu wote. Kusasisha katikati huhamisha vipimo.

Ikimaliza, fungua mistari ya gamba juu ya picha na uangalie ncha za pembeni za ubongo na maeneo karibu na macho, ambapo programu hukosea mara nyingi kwa kuhesabu utando kama gamba. Kisha angalia namba:

- Wastani wa unene uwe karibu milimita 2.5. Ukiona 1.8 au 3.4, rudi kwenye picha.
- Hipokampasi ya mtu mzima kwa kawaida huangukia kati ya milimita za ujazo 3,000 na 5,000 kila upande.
- Kwenye faili la `aseg.stats`, idadi ya mashimo ya uso wa gamba kabla ya kurekebishwa (`lhSurfaceHoles` na `rhSurfaceHoles`) ikiwa kubwa mno kuliko ya wenzake, picha hiyo ina tatizo la ubora.

Ukirekebisha mistari kwa mkono, rekebisha bila kujua kundi, na andika ulichogusa.

## Hatua ya 8: Takwimu

Toa majedwali kwa `asegstats2table` na `aparcstats2table`, yapeleke R.

Kwa ujazo, modeli iwe na kundi, umri, jinsia na ujazo wa ndani wa fuvu. Mtu mwenye kichwa kikubwa ana hipokampasi kubwa, basi. Kwa unene, ujazo wa fuvu kwa kawaida hauwekwi, kwa sababu unene haupandi sambamba na ukubwa wa kichwa.

Atlasi (ramani ya maeneo ya ubongo) ya kawaida ya FreeSurfer ina maeneo 68 ya gamba. Ukiyapima yote kwa kiwango cha 0.05 bila marekebisho, kwa wastani utapata kama matatu "yenye tofauti" hata kama hakuna tofauti yoyote duniani. Tumia FDR (marekebisho yanayodhibiti kiwango cha matokeo ya uongo), na tenganisha wazi sehemu ulizozitaja kabla na zile ulizozipima kwa kutafuta tu.

Kama ulilazimika kutumia mashine mbili, kila mashine lazima iwe na wagonjwa na wazima. Hapo ndipo ComBat, njia ya takwimu ya kuondoa tofauti za mashine, inaweza kukusaidia. Wagonjwa wote mashine A na wazima wote mashine B ni data isiyookoleka.

Umefaulu ikiwa una jedwali lenye d na mipaka yake ya uhakika kwa kila sehemu, na ukubwa wake unafanana na ule wa tafiti kubwa. Ukipata d ya 1.5, usifurahi. Rudi hatua ya 2 na ya 6.

## Hatua ya 9: Andika, kisha rudi kwa washiriki

Andika "kwa wastani, hipokampasi ilikuwa ndogo zaidi kwenye kundi la wagonjwa". Usiandike "skizofrenia inaharibu hipokampasi". Umepiga picha mara moja tu, na picha ya mara moja haioneshi kipi kilitangulia.

Kila picha isomwe na daktari wa rediolojia, ya mgonjwa na ya mzima. Utakuta kivimbe, kifuko cha tegu au kiharusi cha zamani kwa mtu aliyekuja akijiona hana tatizo. Kabla ya mshiriki wa kwanza, kubaliana kwa maandishi nani atampigia simu, ndani ya siku ngapi, na atapelekwa kliniki gani.

Familia itaomba nakala, na ni haki yao mshiriki akiridhia. Ripoti hiyo itasafiri: kwa mwajiri, kwa mchungaji, kwa wakwe, kwenye baraza la ukoo. Kwa hiyo juu ya sahihi, kwa Kiswahili na kwa herufi za kusomeka, weka sentensi hii: "Picha hii imepigwa kwa ajili ya utafiti. Haitumiki kuthibitisha wala kukanusha ugonjwa wa akili."